Kolwezi: Tone moja la damu kabla ya sindano

KOLWEZI – Homa ya mtoto ikipanda usiku huko Kasulo, Kapata ao Kanina, wazazi wengi hawaanzii hospitali kubwa. Wanaanzia kwenye farmasi ya avenyi ao kwenye kituo kidogo cha afya kilicho karibu, na mara nyingi wanachoomba kwanza ni mtoto apigwe sindano. Anapigwa, anawekwa serumu, familia inalipa na kungoja homa ishuke. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi linasahauliwa kabla ya sindano ile: kutoboa kidole cha mtoto, kutoa tone moja la damu na kupima sukari yake.

Kipimo hicho hakifikishi dakika mbili. Kinaweza kuonyesha kwamba mtoto aliyelegea ao anayetetemeka sukari yake imeshuka sana, na ubongo wake unakosa chakula. Kinaweza pia kuonyesha kinyume, kwamba sukari imepanda kupita kiasi kwa sababu mtoto ana kisukari ambacho hakuna mtu aliyekijua. Kwa macho tu, hali hizo mbili zinaweza kufanana na malaria kali. Matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa. Katika komini zake mbili, Dilala na Manika, wanaishi maelfu ya watu waliofuata shaba na kobalti. Mfanyakazi wa kampuni kubwa anaweza kuwa na hospitali ya kampuni. Mchimbaji wa mikono, muuzaji wa soko na dereva wa pikipiki wanalipa kutoka mfukoni, na anayelipa kutoka mfukoni anatafuta mahali pa karibu na bei ndogo. Ndiyo sababu inafaa kila mzazi ajue namna sindano inavyopaswa kupigwa na namna sukari inavyopimwa, hata kama yeye mwenyewe hatashika seringi maisha yake yote.

Sindano inafaa lini?

Imani ya kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge ni ya zamani katika nchi yetu, na wauzaji wa dawa wanaijua vizuri. Ukweli ni kwamba dawa nyingi zikimezwa zinafanya kazi ileile. Malaria ya kawaida, mgonjwa akiwa anaweza kunywa na kumeza bila kutapika, inatibiwa kwa vidonge vya mchanganyiko wenye artemisinini, kwa muda wa siku 3. Hakuna sababu ya kumtoboa.

Sindano inahitajika pale ambapo kumeza hakuwezekani ao hakutoshi: mtoto anatapika kila kitu, ana degedege, hajitambui, ao hali yake ni ya hatari kiasi kwamba dawa lazima ifike kwenye damu haraka. Inahitajika pia kwa dawa ambazo tumbo linaziharibu, kama insulini.

Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani, OMS, linapendekeza sindano ya artesunate: ya kwanza mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha moja kila siku mpaka aweze kumeza. Hapo anamalizia kwa vidonge vya siku 3. Kurudi nyumbani baada ya sindano bila kumeza vidonge hivyo ni kuacha kazi katikati, na malaria inaweza kurudi.

Artesunate ilichukua nafasi ya kinini kwa sababu zilizopimwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliofanyika kwa watoto 5.425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwa moja yake, ulionyesha kwamba katika watoto waliopewa kinini walikufa 10,9 kwa 100, na katika wale wa artesunate walikufa 8,5 kwa 100. Mwaka uliofuata OMS iliitangaza artesunate kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Kinini pia ina tabia ya kushusha sukari ya damu, jambo ambalo malaria kali yenyewe tayari inalifanya.

Somo la Yambuku

Mkongomani hahitaji kwenda mbali kujifunza hatari ya sindano chafu. Mwezi wa 9 mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Mongala, ugonjwa usiojulikana ulianza kuua watu. Baadaye ulipewa jina la Ebola. Wachunguzi waliofika waligundua kwamba kila asubuhi wauguzi wa hospitali ile walipewa seringi na sindano 5 tu kwa wagonjwa wote wa nje. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Zilichemshwa jioni, na hata hivyo si kila siku.

Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wagonjwa 85 walikuwa wamepigwa sindano katika hospitali hiyo. Mgonjwa wa kwanza aliyeandikwa alikuwa amepigwa huko sindano ya klorokini akidhaniwa ana malaria. Hospitali ilifungwa baada ya wafanyakazi wake wengi kufa, na kufungwa kwake kulisaidia sana kukata njia ya ugonjwa.

Tangu hapo seringi ya kutumiwa mara moja imeenea, lakini hatari haijaisha. OMS ilikadiria kwamba katika mwaka 2000 peke yake, sindano zisizo salama duniani ziliambukiza watu milioni 21 hepatiti B, milioni 2 hepatiti C na watu 260.000 ukimwi. Kufikia mwaka 2010 hesabu zilikuwa zimeshuka sana: hepatiti B milioni 1,7 na ukimwi karibu 33.800. Kilichozishusha ni seringi mpya kwa kila mtu na kupunguza sindano zisizo na sababu.

Mambo ya kuangalia sindano ikipigwa

Mgonjwa ana haki ya kuangalia. Mwenye kupiga sindano aanze kwa kunawa mikono kwa maji na sabuni, ao kwa dawa ya alkoholi. Seringi na sindano vitolewe kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako. Pakiti ikiwa imepasuka, imelowana ao tarehe yake imepita, itupwe. Kubadili sindano peke yake na kubakiza seringi ileile hakutoshi, kwa sababu damu isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi ndani ya seringi.

Chupa ya dawa isomwe jina, kipimo na tarehe ya mwisho. Kama ni chupa ya kutumiwa na wagonjwa wengi, kizibo chake kisafishwe kila mara na sindano isiachwe imechomekwa juu yake kumngoja mgonjwa mwingine.

Ngozi inasafishwa kwa alkoholi ya 60 mpaka 70 kwa mia, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha inaachwa ikauke. Vile vikopo vya pamba iliyolowekwa tangu asubuhi, ambavyo vinaonekana kwenye meza nyingi, OMS inavikataza: pamba inayokaa hivyo inaweza kuotesha vijidudu. Ilowanishwe pale pale inapotakiwa.

Sindano ikishatoka mwilini, isirudishiwe kifuniko kwa mikono miwili, kwa maana hapo ndipo wauguzi wengi wanajichoma. Inaingia moja kwa moja kwenye boksi gumu la usalama, ambalo linafungwa likijaa robo tatu.

Tako, paja ao mkono?

Kuna watoto wanaoingia kituo cha afya wakitembea na kutoka wakivuta mguu. Chanzo kinaweza kuwa sindano iliyopigwa vibaya kwenye tako. Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoitwa siatiki, unaoshuka mpaka kwenye nyayo. Sindano ikiugusa, ao dawa kali kama kinini ikimwagika karibu nao, mguu unaweza kupooza. Kwa mtoto mdogo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu nyama ya tako lake bado ni nyembamba.

Kwa hiyo sindano ya ndani ya nyama kwa mtoto mchanga na mtoto mdogo inapigwa kwenye paja, upande wa mbele wa nje, katikati ya nyonga na goti. Kwa mtu mzima, dawa kidogo inaweza kupigwa kwenye bega. Ikiwa ni lazima tako, gawa tako moja katika sehemu nne kwa macho: sehemu ya juu ya nje ndiyo peke yake inayoruhusiwa. Mgonjwa alale ao alegeze mguu, na sindano iingie wima.

Mgonjwa akipiga kelele kwamba maumivu yanashuka kama umeme mpaka mguuni, mpigaji asimame mara moja na kuchomoa. Mzazi akiona siku hiyo ao kesho yake kwamba mtoto anaburuta mguu, asingoje. Ampeleke hospitali kubwa, kwa mfano Mwangeji, ili mazoezi ya mguu yaanze mapema.

Kwa nini sukari ipimwe kwanza

Sasa turudi kwenye lile tone la damu. Mtoto mwenye malaria kali, mtoto aliyekaa siku mbili bila kula, mtoto mchanga asiyenyonya: wote hao sukari yao inaweza kushuka. OMS inasema kwamba kwa malaria kali, sukari chini ya miligramu 40 kwa desilita ni hatari ya kufa. Dalili zake ni degedege, usingizi mzito, jasho baridi. Mtu akiziona anasema ni malaria imepanda kichwani, anaongeza dawa ya malaria, na mtoto anaharibika ubongo kwa kukosa kitu ambacho kila jikoni lina.

Upande mwingine kuna mtoto ao kijana ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Kwa wiki kadhaa anakunywa maji mengi, anakojoa sana, hata kitandani, anakonda ingawa anakula. Kisha anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua haraka na kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Wengine wanasema ni malaria, wengine wanasema amelogwa. Hatari iko hapa: serumu nyingi zinazotundikwa kwa mgonjwa wa malaria ni serumu ya glukozi, na kinini ya kwenye mshipa kwa kawaida inachanganywa na serumu hiyohiyo. Kumtundikia glukozi mtoto ambaye damu yake tayari imejaa sukari, bila insulini, ni kumsukuma shimoni. Anachohitaji ni maji ya chumvi kwenye mshipa na insulini, tena hospitalini.

Kabla ya insulini, mtoto wa namna hiyo hakuwa na dawa. Tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto, Canada, kijana aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza mwenye kisukari kupigwa sindano ya insulini. Zaidi ya miaka 100 imepita. Mtoto wa Kolwezi akifa leo kwa kisukari ambacho hakikupimwa, sayansi haikukosa jibu. Kilichokosekana ni kipimo.

Namna ya kupima sukari bila kujidanganya

Mashine ya kupimia ni ndogo, inashikika mkononi, na inatumia bandeleti. Makosa yanayofanya isome uongo ni machache na yanajulikana.

Mikono ya mgonjwa inawe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Mtu aliyemenya embe ao aliyeshika sukari bila kunawa anaweza kuonyesha kisukari asichokuwa nacho. Mkono wenye maji unachanganya tone na kulipunguza nguvu.

Kidole kinatobolewa pembeni mwa ncha, ambapo maumivu ni machache, si katikati. Kwa mtoto mchanga inatobolewa pembeni mwa kisigino. Kitobozi ni kipya kwa kila mtu. Hata kile kifaa chenye springi kinachosukuma kitobozi kisipitishwe kutoka mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hepatiti B imeenea kwa njia hiyo hata katika nchi tajiri. Jambo hili liangaliwe zaidi siku za kampeni, kama tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, watu wanapopimwa kwa foleni.

Damu ikitoka, kidole kisikamuliwe kwa nguvu. Tone liguse mdomo wa bandeleti, nayo itanyonya yenyewe. Mkebe wa bandeleti ufungwe mara moja baada ya kutoa moja, kwa maana unyevu na joto vinaziharibu, na zilizopita tarehe haziaminiki. Muganga akumbuke pia kwamba mtoto aliyepungukiwa sana na damu anaweza kusomwa sukari ya juu kuliko aliyo nayo kweli. Ikiwa dalili zinasema sukari imeshuka na mashine inasema iko sawa, dalili ziheshimiwe.

Halafu kuna hesabu. Mashine nyingine inasoma miligramu kwa desilita, nyingine milimoli kwa lita, na waganga wetu wengi wanazungumza kwa gramu kwa lita. Miligramu 126 ni sawa na gramu 1,26 na ni sawa na milimoli 7. Uliza kila mara ni kipimo gani. Mtu mzima ambaye hajala tangu usiku, akisomwa 126 ao zaidi, arudie siku nyingine kwenye laboratwari. Ikithibitika, ana kisukari. Mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, akisomwa 200 ao zaidi saa yoyote, atibiwe. Anayetumia dawa za kisukari akiwa chini ya 70, sukari yake imeshuka na inapaswa kupandishwa mara moja.

Kuishi na insulini umeme ukikatika

Kwa mwenye kisukari, sindano ni kazi ya kila siku nyumbani. Insulini inapigwa chini ya ngozi, kwenye tumbo ao paja, na mahali pabadilishwe. Ukipiga palepale kila siku panatokea uvimbe laini, na dawa inaingia ovyo. Insulini yenye rangi ya maziwa izungushwe taratibu kati ya viganja, isitikiswe. Ikiwa unachanganya aina mbili, vuta ile angavu kwanza.

Soma chupa na seringi pamoja. Nyingi zimeandikwa U-100, lakini U-40 nazo zipo. Mtu akivuta insulini ya U-100 kwa seringi ya U-40 mpaka alama ya 10, atakuwa amejipiga uniti 25. Makosa hayo yanaua.

Insulini ambayo haijafunguliwa inatunzwa kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8, bila kuganda. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa nje mahali pa ubaridi kwa karibu wiki 4. Wasio na frigo, ao ambao umeme unakatika kila siku, wanaweza kuweka chungu kidogo cha udongo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowana katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Isiwekwe karibu na mabati ao ndani ya gari.

Sukari ikishuka, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Ikiwa alikunywa lutuku bila kula, majirani wanacheka kwamba amelewa. Kumbe pombe kwenye tumbo tupu inazidi kushusha sukari ya mwenye kupiga insulini. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji ao kinywaji chenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale bukari. Akiwa hajitambui, asimiminiwe kitu mdomoni, anaweza kukabwa. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Kwa mtoto aliyezimia, sukari kijiko kidogo iliyolowanishwa kwa matone ya maji inaweza kuwekwa chini ya ulimi njiani kuelekea kwa muganga, na kuongezwa kidogo ikiisha.

Sindano zilizotumika nyumbani zitiwe kwenye bidoni gumu lenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya. Zikitupwa jalalani, watoto wanaookota vitu vya kuchezea ndio wanaojichoma.

Maneno ya kusema kituoni

Wagonjwa wengi wanaogopa kumuuliza muganga wakidhani atakasirika. Inawezekana kuuliza kwa heshima. Mama aliyembeba mtoto anaweza kusema: “Docta, naomba umpime mtoto sukari kwanza.” Kisha: “Dawa hii haiwezi kumezwa?” Na kama jibu ni sindano: “Tafadhali fungua pakiti mbele yangu. Utapiga mahali gani?”

Kituo ambacho hakina mashine ya sukari wala seringi mpya kinapaswa kumwambia hivyo na kumtuma mahali pengine kabla ya kumtundikia mtoto serumu yoyote.